Kufufua Land Rover ya turubai nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yenye turubai badala ya paa la bati, iliyokaa uani Arusha (Njiro, Sakina) au mjini Moshi (Pasua, Soweto) ikisubiri mikono. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mengi humu yanafaa pia kwa Series IIA, toleo lililoitangulia. Vipimo vya injini ni vya petroli ya cc 2,286, yenye silinda nne.

Nianze na nini: injini, rangi au turubai?

Anza na chesisi. Wengi huanza na rangi kwa sababu inaonekana, kisha mwaka wa pili fundi wa kuchomelea anakuja na moto wake na kuiunguza yote. Mpangilio unaookoa fedha ni huu: chesisi na ukuta wa injini (ule unaotenganisha injini na sehemu ya kukaa), breki na stelingi, injini na gia boksi, umeme, bodi na rangi, halafu turubai mwisho kabisa. Turubai jipya lililofungwa kabla ya kazi ya moto huishia na matundu ya cheche, na tundu la cheche halizibiki vizuri.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, piga picha. Kila waya, kila bomba la breki, kila shimu (kibati chembamba cha kujazia nafasi). Weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake na uandike kwa kalamu ya rangi juu ya kopo. Gari likilala miezi minane, hakuna anayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi.

Nitajuaje kama chesisi inafaa kutengenezwa au imekwisha?

Osha tope lote kwanza, kisha lala chini ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Gonga chesisi nzima, kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa mlio mzito, kama kugonga gome la mti. Palipotoa mlio huo, chokoa kwa bisibisi. Ikizama, pameoza.

Sehemu za kuangaliwa kwa makini ni mhimili wa nyuma wenye ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi, mahali springi za nyuma zinapofungwa, na ncha mbili za mbele zinazoshika springi za mbele. Chesisi hii ni boksi lililo wazi ndani, kwa hiyo huoza kutoka ndani kwenda nje. Maji na tope huingia kupitia matundu, tope linakaa chini, na linashika unyevu tangu masika hadi vuli. Ukikuta kutu ndogo nje, ndani tayari ni kubwa.

Mikono ya pembeni ikiwa imeoza, hiyo ni kazi ya kawaida. Mhimili wa nyuma ukiwa umeoza, unakatwa na kuwekwa mpya. Lakini mihimili miwili mirefu ikiwa imeliwa kwa urefu mkubwa, hasa karibu na vishikio vya springi, usiweke viraka juu ya viraka. Tafuta chesisi nzima iliyo bora.

Angalizo moja kubwa: namba ya chesisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia. Fundi akipitisha grainda hapo bila kujua, au akikata kipande hicho na kukitupa, utakuwa na gari lisilolingana na kadi yake. Isafishe kwa brashi ya mkono, ipige picha, kisha ipake grisi.

Fundi anasema atachomelea kiraka juu ya kutu ili kazi iende haraka. Nimkubalie?

Usimkubalie. Kutu haishiki moto, na chini yake itaendelea kula. Kata hadi kwenye chuma kinachong'aa, kisha weka bati jipya la milimita 2 hadi 3. Chuma cha asili cha chesisi ni cha milimita 2 hivi, kwa hiyo bati la milimita 5 halisaidii: sehemu inakuwa ngumu kupita kiasi, na ufa unatokea pembeni mwa kiraka.

Kabla ya moto:

- Toa tenki la petroli. Katika gari hili lipo chini ya kiti cha kulia, na hubeba lita 45 hivi. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Lipeleke mbali na uwanja wa kazi.
- Ondoa nyaya za betri, kisha chomoa plagi ya altaneta, la sivyo dayodi zake zitaungua.
- Weka chesisi kwenye stendi nne, ipime usawa kwa pima maji, na pima pembe kwa pembe kwa futi ya utepe. Vipimo viwili vya mshazari vikitofautiana zaidi ya milimita 5, chesisi imepinda.
- Weka ndoo mbili za maji na ndoo moja ya mchanga karibu.

Ukuta wa injini ni chuma, si alumini, na huoza kwenye sakafu ya miguu, chini ya nguzo za milango na kwenye kona za juu karibu na vioo vya mbele. Ukitaka kukata nguzo ya mlango, kwanza chomelea kipande cha bomba kutoka nguzo hadi nguzo kiwe kama mkingamo. Bila hicho ukuta unajifunga ndani milimita chache, na milango haifungi tena.

Baada ya moto, fungua matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya chesisi, mengi huwa yamezibwa na tope. Ndani pulizia nta ya kuzuia kutu, au oili safi iliyochanganywa na grisi na kupashwa moto kidogo. Oili chafu ya injini ni desturi ya gereji nyingi, lakini ina asidi na inaharibu bushi za mpira.

Bodi si ya alumini? Mbona inamomonyoka na kutoa unga mweupe?

Ni mchanganyiko wa alumini na magnesi. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na alumini ikachukuliwa badala yake. Haipati kutu nyekundu. Lakini ikigusana na chuma huku kuna unyevu, viwili hivyo hufanya kazi kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ndiyo maana unga mweupe huanzia pale bodi inapokaa juu ya chuma: chini ya madigadi, pembeni mwa milango, na kwenye sakafu ya nyuma.

Dawa ni kuvitenganisha. Safisha, paka praima pande zote mbili, kisha weka ukanda wa mpira (tubu ya ndani ya tairi inafaa) au silanti kati ya chuma na alumini kabla ya kukaza. Bolti za chuma kisichoshika kutu ni nzuri kwa macho, lakini nazo zinakula alumini zisipowekewa washa za plastiki. Tundu dogo kwenye alumini usilichomelee kwa mashine ya kawaida ya fimbo. Inahitaji gesi ya agoni na fundi anayeijua. Kwa mwingine yeyote, kipande kipya cha alumini na riveti ni salama zaidi.

Spana zangu zinateleza kwenye nati. Kwa nini?

Kwa sababu gari ni la inchi. Spana za 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4 zinafanya kazi nyingi. Ya milimita 13 ni kubwa kidogo kwa 1/2, ndiyo inayovua nati. Ya 11 inakaribia 7/16 na ya 19 inakaribia 3/4. Ya 14 haiingii kwenye 9/16. Nunua seti ya inchi hata kuukuu. Bei yake ni ndogo kuliko bolti zitakazokatika. Nati iliyoshika kutu, ipashe moto iwe nyekundu kidogo, iache ipoe, kisha weka oili ya kupenya usiku kucha. Usifanye hivyo karibu na tenki wala bomba la breki.

Gari limekaa miaka mitano. Naweza kuweka betri na kupiga stata?

Hapana. Ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kuta za silinda, na stata itazivunja. Toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja cha oili ya injini kila silinda, acha usiku mzima. Kesho yake zungusha kwa hendeli ya mbele, taratibu, bila plagi. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na uitazame: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe inahitaji kukaguliwa.

Weka oili mpya lita 6, na lita 0.85 zaidi kwa ajili ya filta mpya. Petroli ya zamani imwage yote; hunuka kama varnishi na huziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta. Kisha piga stata bila plagi hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi, ukiwa umepima pengo lake kwa fila geji (vibapa vya kupimia uwazi) milimita 0.75 hadi 0.8. Pointi za distribiuta zisafishwe kwa msasa laini na zipimwe milimita 0.35 hadi 0.40. Mfuatano wa moto ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele, upande wa feni.

Valvu zinapiga kelele. Nazirekebishaje mwenyewe?

Uwazi kati ya valvu na roka inayoisukuma ni milimita 0.25 kwa zote nane, za kuingiza na za kutolea. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: namba mbili zijumlike 9. Zungusha kwa hendeli hadi valvu ya 8 iwe imefunguka kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3. Ya 4 kwa ya 5, ya 7 kwa ya 2, ya 1 kwa ya 8, ya 3 kwa ya 6, ya 5 kwa ya 4, ya 2 kwa ya 7. Kwa mpangilio huo hendeli inazunguka mara mbili tu. Fila geji ipite kwa kusuguana kidogo. Ikipita bila kugusa, uwazi ni mkubwa. Usikaze zaidi ya kipimo ili kunyamazisha kelele, kwa sababu valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake huungua.

Ukifungua silinda hedi, bolti kubwa hurudishwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), futi-pauni 65 (Nm 88), kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje.

Inatoa moshi mweusi na kunywa petroli sana hapa Arusha, lakini ikishuka Tanga inatulia. Tatizo ni nini?

Hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni dogo kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Mji wa Moshi uko chini zaidi, kwa hiyo athari ni ndogo. Kabureta iliyosetiwa kwa pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana huku. Punguza mchanganyiko kwa skrubu ya mwendo wa taratibu, na ikiwa plagi bado ni nyeusi kama masizi, jeti kuu ishuke saizi moja. Ukiteremka kwenda kukaa pwani muda mrefu, rudisha, maana mchanganyiko mwembamba unachoma valvu.

Lakini kabla ya kulaumu mwinuko, fungua kabureta ya Zenith 36 IV na uangalie uso wa kifuniko cha juu. Ugonjwa wake mkubwa ni kupinda, kwa sababu mafundi hukaza skrubu kupita kiasi. Weka rula ya chuma. Ukiona mwanga chini yake, tandika msasa wa 400 wenye maji juu ya kioo kinene na usugue kwa mzunguko hadi uso wote uwe wa rangi moja. Badilisha na ule mpira mdogo wa mviringo ulio ndani. Ukiuacha ule wa zamani, kazi yote ni bure.

Kichujio cha hewa ni cha bakuli la oili, lita 0.85. Vumbi letu ni laini kama unga, hasa njia za Longido na Simanjiro. Kiangazi lifungue kila baada ya kilomita 1,000. Chini utakuta tope.

Breki zinazama hadi chini. Nimetoa upepo mara tatu na bado.

Huenda si upepo. Breki za dramu hurekebishwa kwa mkono, na kila gurudumu la gari fupi lina skrubu moja nyuma ya bamba. Inua gurudumu, kaza skrubu hadi likwame, rudisha kidogo hadi lizunguke huru. Viatu vya breki vikiwa mbali na dramu, pedali inatumia safari yake yote kuvisogeza.

Unapotoa upepo, kwanza kaza skrubu hizo zote hadi magurudumu yakwame, ili silinda zisiwe na nafasi ya kubaki na hewa. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Lita moja ya maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4 inatosha. Usiweke oili ya aina nyingine yoyote, hata kijiko kimoja. Mipira ya silinda zote huvimba, na utalazimika kuibadilisha yote. Maji hayo pia hubabua rangi, kwa hiyo yakidondoka mwagia maji mara moja.

Bomba la breki lenye kutu libadilishwe lote. Hakuna kuunganisha kwa mpira na klipu.

Oili ngapi wapi?

Gia boksi lita 1.5, boksi dogo la kugawa nguvu lita 2.5, kila difu lita 1.75, kila tufe la swiveli la mbele (kiungo cha kupindia gurudumu) nusu lita. Zote ni oili ya gia ya EP90. Kwa gia boksi chagua daraja la GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya sinkronaiza, ringi zinazolainisha kuingia kwa gia.

Matufe ya swiveli yakivuja, wengi huyajaza grisi. Uvujaji unapungua, lakini grisi nzito haifiki vizuri kwenye bushi ya juu, na stelingi inaanza kutikisika. Badilisha oili sili, na ikiwa uso wa tufe una vishimo, sili mpya italiwa baada ya wiki chache; hapo tufe ndilo la kubadilishwa.

Bushi za springi: ukiweka mpya, usikaze bolti gari likiwa juu ya stendi. Lishushe likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza hewani mpira unajisokota na kukatika mapema.

Taa zinafifia ninapowasha indiketa.

Ni waya wa ardhi, karibu kila mara. Taa zimefungwa kwenye alumini, alumini imefungwa kwenye chuma, na katikati pana ule unga mweupe. Vuta waya mweusi wa milimita mraba 2.5 kutoka kila taa hadi bolti moja kwenye chesisi, na waya mnene wa kusuka kutoka gia boksi hadi chesisi. Kwangua rangi chini ya bolti, kaza, kisha paka grisi juu.

Turubai: nishone la pamba au la plastiki kama la malori?

Kila moja lina kazi yake. La pamba hupumua, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Julai vioo havijai mvuke, na linakaa vizuri kwenye mabomba ya matao yanayolishikilia. Ubaya wake ni kupungua na kuota ukungu. La plastiki la malori linazuia maji tangu siku ya kwanza na linapatikana kwa mafundi wa maturubai mjini, lakini ndani linatoa jasho, na jua linaligandisha kwenye mikunjo. Kwa gari linalolala nje na kutumika kila siku, la plastiki linafaa. Kwa gari linalolala chini ya paa, chukua la pamba nzito, gramu 500 hivi kwa mita ya mraba.

Kwa hudi nzima (turubai la kufunika nyuma yote) ya inchi 88 tenga kama mita 8 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5, lakini pima gari lako kwanza, maana matao mengi yameshapindishwa au kukatwa. Turubai la zamani hata likiwa limechanika usilitupe: lifumue mishono, vipande vyake ndivyo kielelezo cha kukatia. Kama hunalo, tandika shuka kuukuu juu ya matao, libane kwa pini, na uchore. Kwenye pamba ongeza sentimita 3 kila upande kwa ajili ya kupungua.

Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa. Mshono uwe wa kukunjwa mara mbili, na mkunjo uelekee chini ili maji yapite juu yake badala ya kuingia ndani yake. Hili ndilo kosa la kwanza la mashono mengi: mkunjo umeelekea mbele, na mvua ya mwendo inasukumwa ndani. Mahali pa kamba weka matundu ya shaba juu ya kitambaa kilichokunjwa safu tatu, la sivyo yatang'oka.

Kabla ya kufunga, zungushia matao vipande vya tubu ya tairi kila mahali turubai linapogusa kona. Turubai halitobolewi na mvua. Linatobolewa na kusuguana.

Turubai jipya la pamba litavuja mvua ya kwanza, na hilo si kosa la fundi. Lifunge bila kulivuta sana, limwagie maji hadi lilowe lote, acha likauke kabisa juani, kisha rudia mara mbili. Nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Usilisugue kwa sabuni ya unga, inaondoa dawa ya kuzuia maji. Brashi laini na maji matupu yanatosha. Likilowa usilikunje. Masika, siku mbili za kukunjwa likiwa na unyevu zinatosha kuleta madoa meusi yasiyotoka. Madirisha ya plastiki angavu yaviringishwe, yasikunjwe, na yaviringishwe mchana wakati yana joto.

Maji yakidondokea magotini, usilaumu turubai. Angalia mpira ulio kati ya fremu ya kioo cha mbele na ukuta wa injini. Fremu hiyo hulala mbele kwa bawaba, na mpira wake hukauka.

Naweza kupaka rangi uani?

Unaweza. Alumini inahitaji praima yake maalumu ya kukamata. Praima ya chuma itabanduka kama ganda. Msasa 180, kisha 320, praima, kisha 400 kabla ya rangi. Tenga rangi lita 4 na praima lita 2 hadi 3. Mwaga maji sakafuni kutuliza vumbi, na upulize kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Juni na Julai baridi ya Arusha huacha rangi mbichi hadi kesho, na umande unaifanya iwe na ukungu. Rangi za kuchanganywa na hadna (dawa ya kugandisha) zina sumu ya mapafu: vaa barakoa yenye kichujio cha kemikali. Kitambaa puani hakizuii kitu.

Spea zinapatikana?

Arusha una bahati, kwa sababu biashara ya utalii imeweka mafundi na maduka ya Land Rover kwa miongo mingi, na eneo la Unga Limited lina watu wa kuchonga, kuchomelea na kushona. Mipira ya breki, gasketi, bushi na beringi zinapatikana. Pima kipande cha zamani sambamba na kipya kabla ya kulipa. Mipira inayonuka mafuta ya taa na kung'aa kupita kiasi iache dukani.

Nikibadilisha injini au rangi, kadi inahusika?

Inahusika. Namba ya injini na rangi zimeandikwa kwenye kadi ya gari ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na mabadiliko yanapaswa kusajiliwa. Ukinunua gari kuukuu, linganisha namba ya chesisi kwa macho yako kabla ya kutoa fedha.

Safari ya kwanza iwe ya umbali gani?

Zunguka mtaani kwanza, kilomita 5, kisha guza kila dramu ya breki kwa kiganja, kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, viatu vyake vimebana. Siku ya pili nenda Usa River na kurudi, mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Ukirudi, kaza upya nati za magurudumu, bolti za U za springi na bolti za stelingi, na uangalie oili, maji na maji ya breki. Safari ya Moshi mjini, kilomita 80 hivi, ingoje hadi gari likae usiku mzima bila tone jipya sakafuni.